Dini ya Kuzaliwa, Dini ya Kukata Shauri

Anayesikia habari za Waamishi kwa mara ya kwanza karibu daima huanza na farasi. Kwa nini watu wanaoishi Pennsylvania na Ohio, kando ya barabara kuu za Marekani, waende kanisani kwa vigari vya kukokotwa? Kwa nini wanaume wafuge ndevu na kunyoa masharubu? Kwa nini nyumba ikatae waya wa umeme ilhali uani kuna injini ya dizeli inayoendesha mashine za useremala? Ni maswali halali, nayo yana majibu, lakini yanamshika ng'ombe mkiani. Waamishi ni tawi lililochipuka kwa Wamennonite mwaka 1693, na Wamennonite walio wengi leo wanaendesha magari, wanasoma vyuo vikuu na kubeba simu mfukoni kama jirani zao. Farasi basi hawezi kuwa kiini cha imani yao. Kiini ni swali jingine, linalomgusa msomaji wa Tanga au Kisumu sawasawa na mkulima wa Lancaster huko Pennsylvania: je, mtu huzaliwa ndani ya dini, au sharti aingie kwa miguu yake mwenyewe? Nashikilia kwamba watu hawa walilijibu swali hilo kwa ujasiri uliowapita karibu Wakristo wote wa Ulaya ya zama zao, na kwamba baadaye wajukuu wao walirudi, bila kutaka na bila kutambua, karibu kabisa na pale mababu walipokimbia.

Kwetu sisi dini husomwa kwenye jina kabla mwenye jina hajafungua kinywa. Juma ni Mwislamu, Yohana ni Mkristo, na anayebadili upande huulizwa kwanza habari za wazazi wake kabla ya kuulizwa habari za Mungu. Mtoto huadhiniwa sikioni angali na saa chache duniani, siku ya saba akafanyiwa akika. Au hupelekwa kwenye kisima cha ubatizo angali mchanga, akajibiwa maswali ya imani na wadhamini wake. Mkataa kwao mtumwa, na dini ni sehemu ya kwao. Mji wa Zürich, Uswisi, ambako habari za Wamennonite zinaanzia, nao mwaka 1525 ulifikiri hivyohivyo, tena ukaongeza sheria juu yake. Kubatizwa kulikuwa ni kuhesabiwa raia, kwa hiyo kukataa kumbatiza mtoto kulionekana kama kuutoa mji katika mikono ya serikali yake. Januari mwaka huo baraza la mji liliamuru kila mtoto ambaye hajabatizwa abatizwe ndani ya siku nane, na asiyetaka ahame. Tarehe 21 ya mwezi huohuo kikundi kidogo cha waliokataa amri hiyo kilikutana nyumbani kwa watu, na Conrad Grebel akambatiza George Blaurock, mtu mzima aliyekwisha kubatizwa utotoni. Wapinzani wakawaita Waanabaptisti, yaani wabatiza-upya, jina ambalo wenyewe hawakulipenda kwa kuwa hawakuuona ule ubatizo wa kwanza kuwa ubatizo. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Januari 1527, mwenzao Felix Manz alifungwa mikono na kuzamishwa katika mto Limmat, katikati ya mji. Adhabu ya maji kwa kosa la maji: wakuu wa Zürich hawakukosa kejeli.

Ni rahisi leo kuona ugomvi ule kama ubishi wa waalimu wa dini juu ya kiasi cha maji na umri wa kuyamwagiwa. Haukuwa huo. Anayedai kwamba "ndiyo" ya mwamini haina thamani mpaka awe na uwezo wa kusema "hapana" amekwisha kudai mengine mengi. Amedai kwamba kanisa na serikali haviwezi kuwa kundi moja, kwa kuwa serikali humpata kila azaliwaye na kanisa humpata ajaye tu. Amedai kwamba upanga hauna kazi katika mambo ya imani, kwani imani iliyotiwa kwa upanga si imani. Waanabaptisti waliokutana Schleitheim, mpakani mwa Uswisi, Februari 1527, waliyaandika hayo katika vifungu saba, miongoni mwavyo: ubatizo kwa anayeelewa, Mkristo asishike upanga, asiape kiapo, na aliyeanguka aonywe kisha atengwe, asipigwe wala asiuawe. Kwa Ulaya ya wakati ule, ambako mkosa imani alichomwa moto, kutengwa tu kulikuwa ni upole mkubwa. Michael Sattler, anayetajwa kuwa mwandishi wa vifungu hivyo, aliuawa miezi mitatu baada ya mkutano. Katika karne ile watu wapatao 2,000 au zaidi waliuawa kwa kosa hilohilo.

Lakini hiari ni mzigo mzito, na ushahidi wa kwanza wa uzito wake ulitoka kwa Waanabaptisti wenyewe. Mwaka 1534 baadhi yao waliutwaa mji wa Münster, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, wakautangaza kuwa Yerusalemu mpya, na jambo la kwanza walilofanya ni kuwalazimisha wakazi kubatizwa ukubwani au kufukuzwa wakati wa baridi. Angalia mgeuko ulivyo wa haraka: miaka tisa baada ya Zürich, ubatizo wa hiari umekwisha kuwa amri ya serikali. Mji uliangushwa mwaka 1535, viongozi wakauawa, na vizimba vya chuma vilimowekwa maiti zao vinaning'inia mnarani mwa kanisa la Mtakatifu Lambert hadi leo. Ni baada ya janga hilo ndipo padri mmoja wa Friesland, Uholanzi, Menno Simons, alipouacha upadri mwanzoni mwa 1536 na kutumia miaka 25 iliyombakia kuwakusanya waliotawanyika na kuwarudisha kwenye njia isiyoshika silaha. Jina lake ndilo lililobaki. Wamennonite ni watu waliokwisha kuona, ndani ya nyumba yao wenyewe, jinsi hiari inavyooza.

Kulikuwa na uozo wa pili, wa polepole, usio na vizimba vya chuma. Kanisa la waliokata shauri hupata watoto. Wale watoto hawakuhama kutoka popote. Wamekua wakizisikia nyimbo za mashahidi kabla ya kujua kusoma. Wakifika miaka kumi na minane wanaombwa wachague, na nje ya kile wanachoombwa kukichagua hawajui kitu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hapo ndipo penye taabu: kadiri wazazi walivyolea vizuri, ndivyo uchaguzi wa mtoto ulivyozidi kufanana na urithi. Jakob Ammann alipoachana na wenzake wa Uswisi na Alsace mwaka 1693, ugomvi ulihusu namna ya kulidhihirisha lango la kuingilia. Alitaka aliyetengwa na kanisa aepukwe hata mezani, na alikataa kuwahesabu kuwa wameokoka wale majirani wema waliowaficha Waanabaptisti na kuwalisha bila kujiunga nao. Kwa Ammann, kupenda kanisa ukiwa nje hakukutosha; sharti mtu aingie. Lakini wafuasi wake walipovuka bahari kwenda Pennsylvania katika karne ya 18 walikwenda kwa koo, wakaoana wao kwa wao, wakaendelea na Kijerumani chao cha nyumbani. Leo Waamishi wamefika karibu 400,000 kutoka watu elfu chache mwanzoni mwa karne ya 20, na ongezeko hilo karibu lote limetoka chumba cha kujifungulia. Waongofu kutoka nje ni wa kuhesabu kwa vidole. Kanisa lililoanza kwa kuvunja uhusiano wa kuzaliwa na kuamini limekuwa kabila.

Tukilitazama kwa jicho hilo, hata suala la farasi linapata maana. Waamishi hawakuwahi kufundisha kwamba umeme ni dhambi au kwamba gari lina pepo. Huruhusiwa kupanda gari la jirani na kumlipa dereva; wanachokataa ni kulimiliki. Simu waliiondoa majumbani karibu mwaka 1910 huko Lancaster, lakini baadaye wengi waliijengea kibanda mwishoni mwa shamba, cha kushirikiana familia kadhaa. Hewa iliyoshindiliwa huendesha mashine ya kushonea, betri huwasha taa. Mipaka hii huitwa Ordnung, yaani taratibu, nayo hutofautiana baina ya usharika na usharika. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya meza ya Bwana, waumini huulizwa kama bado wameafikiana nayo, na pasipo maafikiano meza inaweza kuahirishwa. Anayewacheka kwa kukataa waya na kukubali betri hajaona kinachopimwa. Chombo kinapimwa kwa swali moja: kitamweka mtu karibu na wenzake, au kitampa njia ya kuishi bila wao? Gari humwezesha kijana kuwa maili hamsini kutoka kwao kabla ya chakula cha jioni. Farasi humrudisha. Usharika wenyewe hauzidi kwa kawaida familia 25 hadi 40, kwa sababu wanasali majumbani na nyumba haimezi zaidi. Hapa nawapa haki yao. Sisi wengine tulizipokea simu za mkononi bila mkutano wowote wa kijiji kuulizana zingefanya nini kwa mazungumzo ya jioni, wao waliuliza. Na bado lazima isemwe kwamba chombo kinachomrudisha kijana nyumbani ni chombo kinachompunguzia nafasi ya kwenda. Taratibu hizo hulinda jamii, na kwa kipimo kilekile huupunguza uchaguzi.

Pingamizi kubwa zaidi liko shuleni. Watoto wa Waamishi huishia darasa la nane, kisha hujifunza kazi kwa wazazi. Jimbo la Wisconsin liliwashtaki wazazi watatu kwa kutowapeleka watoto wa miaka 14 na 15 shule ya sekondari, wakatozwa faini ya dola tano kila mmoja, na kesi hiyo, Wisconsin dhidi ya Yoder, ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1972 mahakama iliwapa ushindi wazazi: jamii iliyojitegemea kwa karne tatu bila kuwa mzigo kwa mtu haiwezi kulazimishwa kuwatoa watoto wake katika umri ule hasa wa kukata shauri. Ni hukumu inayosifiwa sana na wapenda uhuru wa dini. Mimi naona aliyekuwa karibu zaidi na Waanabaptisti wa 1525 ni Jaji William Douglas, aliyepinga sehemu ya hukumu kwa hoja rahisi: wameulizwa wazazi, mtoto naye aulizwe. Ajabu ya kesi ile ni kwamba ubishi wa kale ulirudi ukiwa umegeuzwa. Mwaka 1525 serikali ilisema mtoto ni wa mji, nao Waanabaptisti wakajibu kwamba mtoto aachwe akue aseme mwenyewe. Katika kesi ya Yoder wakili wa Waamishi alisema mtoto ni wa wazazi na jamii yao, na akashinda.

Waamishi wana jibu, na si jibu dogo. Kijana wa miaka 16 huingia kipindi kinachoitwa rumspringa, anapotoka na wenzake bila kuwa bado chini ya taratibu za kanisa, kwa sababu hajabatizwa. Vipindi vya televisheni vimekigeuza kuwa sherehe ya ulevi, jambo ambalo kwa vijana walio wengi si kweli. Ni nyimbo za Jumapili jioni na kutafuta mchumba. Atakayeondoka kabla ya kubatizwa hatengwi. Anaweza kurudi kula Krismasi na mama yake. Anayetengwa ni aliyepiga magoti mbele ya usharika akaweka nadhiri, kisha akaivunja. Mantiki yake ni safi: nadhiri isiyofunga si nadhiri, na ndoa nayo tunaihukumu kwa kanuni hiyohiyo. Asilimia 85 au zaidi hubaki, na wanaobaki huwaonyesha wakosoaji idadi hiyo kama ushahidi kwamba wanapenda kwao. Nakubali kwamba wengi wanapenda. Ila kijana Mwamishi haozwi mpaka abatizwe, kwa hiyo swali la Mungu hufika mkono kwa mkono na swali la mchumba. Elimu yake haimpi cheti cha kuombea kazi mjini. Ndugu wote aliowahi kuwategemea wako upande mmoja wa mto. Mlango uko wazi, ni kweli, lakini nje yake hawakuweka ngazi, na anayeruka hukadiria kwanza urefu.

Kuna jambo moja ambalo wanaowasifu Waamishi hulitaja daima, nami sitaki kulipita kwa kejeli. Tarehe 2 Oktoba 2006 mtu mwenye bunduki aliingia katika shule yao ndogo ya Nickel Mines, Pennsylvania, akawapiga risasi wasichana kumi. Watano walikufa, naye akajiua. Siku ileile Waamishi walikwenda kwa jamaa za muuaji kuwaambia hawana kinyongo nao, na siku ya maziko yake walihudhuria. Wengine waliuliza kama msamaha uliotolewa kwa haraka vile, kwa desturi ya jamii nzima, ni msamaha au ni sare kama kofia. Waliohojiwa baadaye na watafiti walieleza kwamba uamuzi ulifanywa siku ile, na moyo ukachukua muda mrefu kuufuata, siku nyingine ukirudi nyuma. Naona jibu hilo linatosha: kuna mambo ambayo mtu mmoja peke yake hana nguvu ya kuyachagua, na jamii humshika mkono mpaka aweze. Lakini mkono unaoshika unaweza pia kuziba mdomo. Katika koloni la Manitoba, Bolivia, la Wamennonite wa taratibu za kale wasio Waamishi lakini waliojitenga kama wao, zaidi ya wanawake na wasichana 100 walileweshwa dawa usingizini na kubakwa kati ya 2005 na 2009. Malalamiko yao ya kwanza yalihesabiwa kuwa kazi ya mapepo au ndoto za kike. Wanaume wanane walipatikana na hatia mwaka 2011, katika mahakama ya serikali. Mwanamke aliyefundishwa kusamehe kabla ya kufundishwa kusema "sitaki" hajasamehe kitu. Waanabaptisti wa Zürich walikuwa sahihi: bila "hapana" hakuna "ndiyo", na kanuni hiyo haiishii kwenye maji.

Mtu anaweza kunijibu kwamba nawadai wasichoweza watu wowote. Hakuna mtoto aliyechagua lugha ya mama, na dini ni kama lugha: hutolewa kwanza, ndipo mtu apate cha kukubali au kukataa. Hoja hii ina nguvu, nami siamini katika mtoto anayelelewa bila chochote ili akafikiri akiwa mkubwa. Huyo naye amelelewa katika kutoamini. Tofauti ni kwamba anayejifunza lugha ya pili hatengwi mezani. Na kuna mahali ambapo swali la 1525 liliulizwa upya, kwa watu wasio na ukoo wa kuwasukuma upande huo. Mwaka 1934 wamisionari Wamennonite kutoka Lancaster, kaunti ileile inayojulikana kwa Waamishi, walifika Shirati, Mara, katika Tanzania ya leo, kando ya Ziwa Viktoria. Nao siku hizo walivaa kwa taratibu: koti la wanaume lisilo na kola ya kukunjwa, kofia nyeupe ya maombi kwa wanawake. Mjaluo au Mkurya aliyekubali kubatizwa nao alikuwa na cha kuacha, na alikuwa na jamaa wa kumwuliza kulikoni. "Ndiyo" yake ilifanana na ya Blaurock kuliko ya kijana yeyote wa Pennsylvania. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipofika Shirati mwaka 1942, miongoni mwa waliosimama kutubu mbele za watu walikuwamo wamisionari wenyewe, Wamennonite wa vizazi kwa vizazi, ambao walijikuta wakiulizwa kama wao nao walikwisha kukata shauri. Mwaka 1967 Zedekia Kisare akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Leo Wamennonite na jamaa zao waliobatizwa ulimwenguni wanazidi milioni mbili, na wengi wao wako Afrika, Asia na Amerika ya Kusini; kanisa lao kubwa kuliko yote, Meserete Kristos, liko Ethiopia. Walio wengi hawana majina ya Kijerumani wala vigari vya farasi. Nathubutu kusema hao ndio warithi wa Zürich, kuliko wale waliohifadhi ndevu na kofia.

Ila urithi huo una saa yake. Tangu 1934 imepita zaidi ya miaka tisini, na Mara sasa kuna vitukuu wa waliobatizwa wa kwanza, waliozaliwa mabenchini, wenye majina ya Biblia, ambao babu yao ni mzee wa kanisa na shangazi yao ni kiongozi wa kwaya. Tatizo lililomfikia Ammann limewafikia, na hawana Ordnung ya kulifichia. Basi neno langu ni kwa mwalimu wa ubatizo wa Shirati, wa Musoma, na wa kanisa lolote linalombatiza mtu mzima: umwulizapo kijana kama amekata shauri, nyamaza kidogo umngoje. Akijibu kwamba bado, liondoe jina lake kwenye orodha ya Pasaka bila kumwita baba yake, na Jumapili inayofuata mwachie nafasi yake kwenye kwaya.